Bibi alisikia sauti tatu ndani ya kompyuta yangu

Mashine hii niliinunua mwezi wa saba, na huo ndo ulikuwa mtego wenyewe. Mwezi wa saba huku Mikindani, Mtwara, kusi inavuma, usiku unajifunika shuka, asubuhi ukikanyaga sakafu ina baridi, na kompyuta yoyote utakayoiwasha itaonekana nzima. Ilikuwa ya ofisi, mtumba, imetoka Dar kwa basi ndani ya boksi la sabuni imezungushiwa nguo kuukuu, ina prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya Intel i5-3470, ya mwaka 2012, nikaiongezea ramu mpaka jigi 16 nikaanza kazi yangu ya kuhariri video za harusi. Agosti ikapita, Septemba ikapita, hata sikuwa nakumbuka kama ina feni.

Afu ikaja Novemba.

Wa huku mnaijua Novemba yetu. Kusi imeshakata, kaskazi ndo kwanza inajipanga, jua la saa nane linapiga bati mpaka bati linalia, na maji ya ghuba pale mbele yametulia kama mafuta kwenye sahani. Na ndo wakati huohuo pesa ya korosho inaingia. Minada inafanyika, watu wanalipwa, na mtu akishalipwa korosho zake anaoa, au anamuoza binti, au anamtoa mwali, na kila shughuli siku hizi lazima ipigwe video. Kwahiyo kazi ya mwaka mzima mi inaniangukia kwenye miezi mitatu, na miezi yenyewe ndo hiyo ambayo joto liko juu kuliko yote. Mchana napiga picha, usiku narenda, yaani naiacha kompyuta iunganishe vipande viwe video moja kamili. Harusi moja ya saa nzima inakula masaa matatu na zaidi ya kurenda, viini vyote vinne vya prosesa vinafanya kazi bila kupumzika, na feni nayo inapiga mluzi kama ndege inataka kupaa.

Chumba changu na chumba cha wageni vinatenganishwa na ukuta ambao haufiki juu, kuna uwazi pale wa kupitisha hewa. Na wiki hiyo bibi yangu alikuwa ameshuka kutoka Newala kuja kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho pale hospitali ya Ligula. Jicho moja limefungwa bandeji, la pili nalo ukungu mtupu, kwahiyo siku zile bibi alikuwa anaishi kwa masikio. Alikuwa anajua nani amepita uani kwa namna anavyoburuta ndala.

Usiku wa kwanza, saa saba, nikasikia ananiita.

"Mume wangu."

"Naam bibi."

"Hicho kitu chako kinahema."

Nikamwambia ni feni tu bibi, kinajipooza. Akakaa kimya kidogo, nikadhani amelala, kumbe anawaza. Akasema, "Hakipoi. Kingekuwa kinapoa kingenyamaza."

Mi kompyuta nimezianza nikiwa sekondari, nimesoma maelezo mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sijawahi kuona mtu aliyeliweka hilo jambo wazi namna ile. Sisi wengi tunaona joto ni tatizo moja na kelele tatizo jingine. Tunanunua feni kali zaidi ili ipoe, afu tunalalamika inapiga kelele, afu tunatafuta namna ya kuipunguza kelele na yenyewe inachemka tena. Bibi alikuwa ameshaona kwamba ni kitu kimoja. Feni inakimbia kwa sababu joto limekwama mahali, na ukilifungulia njia feni yenyewe itapunguza mwendo bila kuombwa.

Asubuhi wakati namimina chai akaniambia jingine. "Humo ndani kuna sauti tatu. Moja inapuliza. Moja inanguruma chini chini, kama gari limesimama barabarani halijazimwa. Moja inakwaruza, hiyo inakuja na kuondoka."

Mimi niliyekuwa nakaa nayo sentimeta 50 kutoka sikioni nilikuwa nasikia sauti moja tu, kelele.

Basi siku hiyo sikupokea kazi. Kitu cha kwanza nikaweka HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto la ndani, nikaanza kurenda huku naangalia. Dakika ya nne prosesa iko digrii 97. Feni yake mizunguko 3,200 kwa dakika. Na kitu kilichoniuma zaidi ni kasi, prosesa ambayo inatakiwa ikimbie gigahezi 3.2 na kwenda juu, ilikuwa inashuka mpaka 2 na pointi kidogo, inapanda, inashuka. Hizi prosesa zina kinga ndani yake, zikikaribia digrii 100 zinajipunguza mwendo zenyewe ili zisiungue. Kwahiyo yale masaa yote ya kurenda nilikuwa namlaumu mtengeneza programu bure, kumbe mashine ilikuwa inatembea kwa kuchechemea sababu ya joto.

Hapa niseme kitu kuhusu namba, maana imewachanganya wengi. Ukisoma maelezo ya watu wa Uingereza au Canada wanakwambia prosesa ikiwa inafanya kazi iwe 60 au 65. Wao chumba chao kina digrii 20. Mi chumba changu saa nne usiku, kipima joto cha ukutani kinasoma 31, na saa tisa mchana chini ya bati kinaenda 34. Feni haiwezi kukishusha kitu chini ya joto la hewa inayoipuliza, hata uweke feni kumi. Pangaboi inatupoza sisi kwa sababu tunatoka jasho, upepo unalikausha jasho na jasho likikauka linaondoka na joto la mwili. Kompyuta haitoki jasho. Hewa ya digrii 31 kwake ni ya digrii 31, basi. Kwahiyo usishindane na namba ya mtu wa London, we hesabu tofauti, yaani joto la prosesa toa joto la chumba. Yangu siku ile ilikuwa 97 toa 31, ni 66. Nikaandika 66 kwa penseli ukutani juu ya meza na tarehe pembeni, na tangu hapo kila nikifanya badiliko naandika namba mpya chini yake.

Nikaanza na sauti ya kukwaruza kwa sababu ndo iliyokuwa inamsumbua bibi zaidi.

Kuna njia ya kujua sauti inatoka wapi hasa. Ukikata jani la mpapai, lile bua lake ni bomba tupu, watoto tulikuwa tunapulizia mapovu ya sabuni. Nililiacha juani utomvu ukauke, nikaondoa mfuniko wa pembeni wa sanduku (lile ambalo wengi tunaliita sipiyu), nikaweka ncha moja sikioni na nyingine naisogeza taratibu karibu na kila kitu kinachozunguka, bila kugusa. Kwenye feni ya prosesa, upepo tu. Kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme humo ndani, upepo mwembamba. Kwenye feni ya nyuma, ile ndogo ya kutolea hewa, krrr, krrr. Hiyo hapo.

Feni nyingi za bei ya kawaida kati yake kuna mhimili unaozunguka ndani ya bushi, yaani kijibomba kinachoushika, na bushi inaishi kwa mafuta. Mafuta yakikauka mhimili unaanza kucheza, na ikipata joto inacheza zaidi. Nikaizima kompyuta nikachomoa waya ukutani, nikaifungua ile feni, nyuma katikati kuna stika, ukiibandua taratibu unakuta kifuniko kidogo cha raba na tundu. Nikadondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mawili tu. Nikazungusha kwa kidole, nikafuta yaliyozidi, nikarudisha stika. Watu wanauliza kuhusu mafuta ya kula, jamani hapana, yanaganda na kuwa kama gundi, na ya nazi ndo kabisa ikija kusi asubuhi unayakuta meupe. Mafuta ya cherehani ni mepesi na yanakaa. Hii siyo dawa ya milele, itakupa miezi kadhaa, na kama feni yako ina beringi za gololi haitasaidia, hiyo nunua nyingine. Ila kwa kichupa kidogo nilichoazima kwa fundi wa nguo barabarani, sauti moja kati ya tatu ikafa siku ileile.

Ya kunguruma ilinichukua muda, maana ukiweka bua la mpapai kila mahali inasikika, na hakuna mahali inasikika zaidi. Nikaja kuweka kiganja juu ya meza. Meza inatetemeka.

Diski ya kuzunguka, ile ya zamani, inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60, ni mara 120 kila sekunde, na kitu kinachotikisika mara 120 kwa sekunde sikio linakisikia kama mngurumo mzito wa chini. Diski peke yake ukiishika mkononi husikii kitu cha maana. Lakini ifunge kwa skrubu nne za chuma kwenye sanduku la bati jembamba, weka sanduku juu ya meza ya mbao yenye droo tupu, umeshatengeneza ngoma. Huku kwetu ambako sindimba inachezwa sina haja ya kumweleza mtu kwamba kinacholia siyo mkono, ni ngozi na mzinga. Diski ilikuwa mkono, meza ndo mzinga.

Nikachukua tyubu ya baiskeli iliyochoka, nikakata vipande, vingine nikaviweka kati ya diski na bati pale skrubu zinapopita na skrubu zenyewe sikuzikaza sana, vingine vinne nikavikunja mara tatu nikaweka chini ya sanduku kama miguu. Mngurumo ukashuka papo hapo, ukiweka kiganja mezani unahisi kidogo sana. Nilisoma watu wanaining'iniza diski kwa raba bendi za pesa, nikajaribu, siku tatu raba ikalegea kwa joto na diski ikainama upande, nikatoa haraka kabla sijalia. Tyubu ya baiskeli inavumilia joto, inakaa. Baadaye nilipopata pesa ya harusi ya Desemba nikaongeza SSD, diski ya kisasa, ya kuwekea Windows na video ninayoihariri, haina kitu kinachozunguka ndani, na ile diski ya zamani sasa inaamka tu wakati wa kuhifadhi kazi zilizokwisha. Lakini hata ungekuwa huna pesa ya SSD, tyubu inatosha kuanza.

Ikabaki ya kupuliza. Hii ndo ile aliyoisema bibi, ya kuhema.

Nilipotoa feni ya prosesa nione chini yake, kwenye hitisinki, yaani ule mchemraba wa mabati membamba ya aluminiamu yaliyopangana kama kurasa za kitabu, sikuona mabati. Niliona blanketi. Vumbi la miaka huko lilikotoka, juu yake vumbi letu, manyoya, nyuzi za nguo, bawa la mende, na yote yameshikana na unyevu wa bahari yakawa kitu kimoja kama sufi ya mto. Feni ilikuwa inapuliza kwa nguvu zote juu ya blanketi. Nikambebea bibi aguse. Akalibonyeza kwa vidole akasema hili ni jiko lililojaa majivu. Na ni kweli, jiko la mkaa majivu yakiziba vitundu vya chini hewa haipiti hata upepee namna gani, tofauti ni kwamba jiko linazimika na kompyuta inazidi kuchemka.

Kulisafisha nenda nje, upande ambao upepo unatoka kwako. Nilitumia brashi ya rangi mpya, laini, na blowa ya umeme niliyoazima kwa fundi simu. Feni izuie kwa kidole au kijiti wakati unapuliza, usiiache izunguke kama pia, utaiua beringi. Pawa saplai ipulize kutoka nje kupitia matundu yake na uishie hapo, usiifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazobaki na umeme hata ukiwa umechomoa waya, na umeme wenyewe siyo wa kuchezea.

Niliporudisha na kupima, 84. Digrii 13 zimeondoka kwa brashi tu. Lakini 84 toa 31 bado ni 53, na feni bado inakimbia 2,700, kwahiyo nikajua kuna kitu kingine. Nikang'oa hitisinki yenyewe.

Kati ya prosesa na hitisinki inatakiwa kuwe na pesti. Vyuma viwili ukivigusanisha, hata uvione laini vipi, vina mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni, vinagusana kwenye vilele tu na mabondeni kunabaki hewa. Na hewa ni mbovu sana kwa kupitisha joto, pesti ya kawaida inapitisha mara mia na zaidi ya hewa. Kazi ya pesti ni kujaza yale mabonde, basi. Yangu nilichokikuta pale ni kitu cheupe kimekauka kama chokaa ya ukutani, kinamomonyoka kikiguswa. Nikakinusa. Mnanaa.

Mtu alikuwa ameweka dawa ya meno. Sijui alikuwa nani na yuko wapi, na sitaki kumsema, labda siku hiyo hakuwa na kitu kingine na mteja amesimama mlangoni. Ila nawaomba sana, hasa vijana mnaojifunza ufundi, msifanye hivi. Dawa ya meno inafanya kazi mwanzoni kwa sababu ina maji, unapima unaona imeshuka unafurahi, mteja anaondoka, baada ya siku chache maji yamekauka na kilichobaki ni unga. Mteja hatajua. Ataona tu mashine imekuwa nzito na yenye kelele, ataamini imezeeka, ataitupa. Kompyuta ngapi nzima zimetupwa hivyo, na pesti ya kweli kichupa kimoja kinatosha mashine nyingi tu.

Nikafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya duka la dawa mpaka chuma kikang'aa, nikaacha ikauke kabisa, nikaweka tone moja la pesti ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, nikashusha hitisinki moja kwa moja bila kuizungusha, skrubu nikazikaza kwa msalaba kidogo kidogo. Kupima, 75. Tofauti 44. Feni 2,100. Na kasi ya prosesa imesimama palepale kwenye 3.4, haichechemei tena.

Hapo wengi wangeishia, na mashine ingekuwa sawa. Ila mi nilishaingia moyo mzima. Nikawa nawaza kuhusu hewa yenyewe, inaingia wapi na inatoka wapi, nikakaa na kalamu. Mashine yangu ikirenda inakula kama wati 100, na karibu yote inageuka joto, umeme ukishafanya hesabu hauna pengine pa kwenda. Kuzitoa wati 100 kwa hewa inayotoka ikiwa na digrii 10 zaidi ya ilivyoingia unahitaji lita 8 na kidogo kila sekunde. Yaani ndoo moja ya lita 20 ya hewa kila sekunde mbili na nusu, inaingia mbele, inatoka nyuma, bila kusimama usiku kucha. Nilipomweleza bibi kwa ndoo alielewa kuliko mimi, huyu mtu ujana wake amepandisha maji kichwani kutoka bondeni mpaka juu Newala. Akauliza swali moja tu, "Na mlango wake wa kuingilia uko wapi?"

Mlango ulikuwa tundu dogo mbele, nyuma ya urembo wa plastiki, na feni ya mbele hakuna. Mashine ilikuwa inabeba ndoo kupitia tundu la ufunguo.

Nikatumiwa feni ya sentimeta 12 kutoka Dar. Kuhusu ukubwa elewa hivi, feni ya 12 ina eneo mara mbili na robo ya feni ya 8, kwahiyo inasukuma hewa ileile kwa mwendo wa pole. Na mwendo ndo kelele. Feni ukiipunguza mizunguko nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kama desibeli (kipimo cha kelele) 15, na sikio letu desibeli 10 tu likipunguziwa linaona kelele imebaki nusu. Kwahiyo unapoteza kidogo unapata kingi, mradi njia ya hewa iwe wazi. Nikang'oa ule urembo wa mbele, nikaifunga feni kwa vile vibano vya plastiki vya kufungia waya, na vipande vya tyubu katikati ili isishike bati. Baiosi, yaani mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka, kwenye mashine hizi za ofisi haikuruhusu kupanga mwendo, nikatumia njia ya zamani, waya wa chanya wa feni kwenye waya wa njano wa pawa saplai ambao ni volti 12, na hasi kwenye mwekundu ambao ni volti 5, feni inabaki na 7. Ilikuwa inazunguka 1,200, ikawa inakwenda 700 hivi, huisikii. Hili ukilifanya hakikisha hakuna waya ulio wazi, njano na mwekundu zikigusana umeunguza vitu.

Mbele ya feni nikavisha kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya kina mama, inakamata vumbi kabla halijaingia. Inazibwa haraka huku kwetu, hasa wakati wa kiangazi malori yakipita barabara ya Lindi, kwahiyo kila Ijumaa naivua naifua naianika, dakika kumi imekauka.

Badiliko la mwisho halikuwa na bisibisi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ukienda mpaka sehemu ya prosesa, kuna kiwango cha juu kimewekwa asilimia 100. Mi nimeweka 99. Hiyo moja inazima ule mwendo wa ziada, prosesa inabaki kwenye 3.2 yake ya msingi, na kwa vile mwendo wa ziada unadai volti zaidi, na volti ikipanda joto linapanda kwa mraba wake, unapoteza kasi ndogo na kupunguza joto kubwa. Nilipima, 67. Tofauti 36. Feni ya prosesa 1,300. Na harusi ileile iliyokuwa inachukua masaa matatu na dakika arobaini sasa inachukua mawili na dakika hamsini, huku nimeipunguzia mwendo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mambo mawili ninayoulizwa kila nikisimulia hii habari. La kwanza, si uache tu mfuniko wazi uelekezee feni ya mezani. Joto litashuka kweli, sikatai, wengi wanafanya hivyo. Ila umeleta kelele nyingine kubwa zaidi, umekaribisha vumbi, mijusi na sisimizi, na kama nyumba ina mtoto mdogo umeacha vitu vinavyozunguka usawa wa vidole vyake. Na kama uko karibu na maji kama sisi, ule upepo wa dirishani una chumvi. Skrubu za mfuniko wangu zimeshashika kutu ndani ya miezi sita tu, fikiria miguu ya chipu. Mashine yangu nimeisogeza ukuta wa ndani, mbali na dirisha la ghubani, juu ya stuli badala ya sakafuni.

La pili, kitambaa kibichi, au chupa ya barafu mbele ya tundu. Tafadhali usifanye. Soda ya baridi ukiitoa kwenye friji huku Mtwara inatoka jasho papo hapo, siyo soda inayovuja, ni maji ya hewani yanayokimbilia kwenye kitu cha baridi. Hewa yetu ya kaskazi imejaa maji, kitu chochote kikiwa chini ya digrii 24 hivi kinaloa. Hutaki madabodi yako, ile bodi kubwa inayobeba vitu vyote, iwe chupa ya soda.

Bibi alirudi Newala mwisho wa Novemba, akashuka tena Januari kwa jicho la pili. Januari ndo mtihani wenyewe, ukuta wangu unasema chumba 33 saa tatu usiku, prosesa 69, tofauti bado 36, nikaandika chini ya zile nyingine. Nilikuwa narenda harusi mbili mfululizo. Bibi amelala kulekule, bandeji safari hii upande wa kushoto, na lile la kulia sasa linaona, amekuwa anasoma namba za mabasi kwa sauti njia nzima.

Saa sita hivi akaniita.

"Mume wangu, umekiuza?"

"Kipo bibi, kinafanya kazi."

Akasikiliza. Nikasikia kitanda kinalia, amejigeuza. "Eeh. Kipo. Kinapumua sasa." Afu kimya kirefu, vyura wa nyuma ya nyumba nikawasikia, na maji yakigusa mawe kule ng'ambo ya barabara, vitu ambavyo Novemba nzima sikuwa nasikia nikiwa kazini.

"Sasa hili la juu yangu," akasema, "hili pangaboi. Linagonga kila likizunguka."

Nikaenda nikasimama mlangoni kwake gizani, nikasikiliza na mimi. Tik. Tik. Tik. Linagonga kweli, na sijui limeanza lini. Kichupa cha mafuta ya cherehani bado kipo nusu, ngazi nimeshaomba kwa jirani, asubuhi kabla bati halijapata moto napanda.